Mnara wa simu na maumivu ya kichwa: Pima kwanza, ogopa baadaye

JE, mnara wa simu uliosimikwa karibu na nyumba yako unaweza kukuletea ugonjwa?

Hili ni swali ambalo daktari anayefanya kazi katika mji kama Kakamega huulizwa mara kwa mara. Huulizwa na mama aliyepoteza usingizi, na mzee anayesikia mvumo masikioni, na mwalimu ambaye kichwa humuuma kila jioni afikapo nyumbani Lurambi au Amalemba na kuuona mnara ukiwakawaka taa nyekundu juu ya mabati ya jirani.

Si swali la kuchekwa. Mawimbi ya redio hayaonekani, hayanusiki wala hayaonjeki, na kitu kisichoonekana ndicho humtisha binadamu zaidi. Hata hivyo, ningependa msomaji ulishike jambo moja tangu mwanzo: madhara ya antena, kama yalivyo madhara ya dawa, hutegemea kipimo. Tembe mbili za parasetamoli hutuliza homa. Tembe ishirini kwa mkupuo mmoja zaweza kuharibu ini. Kwa hivyo swali la kujiuliza si kama mawimbi yapo au hayapo, kwani yapo kila mahali. Swali ni: yananifikia kwa kiasi gani? Na kiasi hicho kina namna ya kupimwa.

Mionzi si ya aina moja

Tatizo la kwanza ni la lugha. Katika Kiswahili tumezoea kutumia neno moja, mionzi, kwa mambo mengi. Mionzi ya eksirei, mionzi ya kutibu saratani, mionzi ya bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka wa 1945, na sasa mionzi ya simu. Anayesikia neno hilo hudhani yote ni ndugu wa tumbo moja.

Kweli, yote ni ya ukoo mmoja mkubwa, hata mwanga wa jua umo. Lakini hayalingani kwa nguvu. Eksirei ina nguvu ya kuvunja chembe ndani ya seli na kuiharibu ile mbegu ya urithi inayoiamuru seli ijigawe vipi. Ndiyo maana mtaalamu wa eksirei husimama nyuma ya ukuta wenye risasi, na ndiyo maana tunamuuliza mama kama ana mimba kabla ya kumpiga picha ya tumbo.

Mawimbi ya redio, yakiwemo ya simu, hayana nguvu hiyo. Hata yakiongezwa wingi namna gani, hayawezi kuvunja mbegu ya seli jinsi eksirei inavyofanya. Jambo ambalo yanajulikana kwa hakika kulifanya mwilini ni kutia joto. Huyatikisa maji yaliyomo kwenye nyama, na mtikisiko huo hugeuka kuwa joto. Jiko la maikrowevu hupika kwa njia hiyo hiyo. Na mgonjwa wa mgongo aliyewahi kutibiwa kwa mashine ya mawimbi katika idara ya tiba ya viungo atakumbuka lile vuguvugu la ndani. Mashine hizo nyingi hutumia masafa ya megahezi 27, na joto lake hutumiwa kulegeza misuli.

Kwa hivyo, tunapouliza kama antena inadhuru, kwanza tunauliza: inaweza kutia mwili joto kiasi cha kuuumiza?

Antena ni nini hasa?

Antena ni kipande cha chuma kilichokatwa kwa kipimo maalumu ili umeme unaokwenda mbele na kurudi nyuma ndani yake utoke nje kama mawimbi, au mawimbi yanayopita yaingie na kugeuka umeme. Heinrich Hertz wa Ujerumani alithibitisha jambo hili katika miaka ya 1887 na 1888. Hapa Kenya utangazaji wa redio ulianza mwaka wa 1928, kwa hivyo babu zetu waliishi ndani ya mawimbi haya muda mrefu kabla ya simu za mkononi kuenea nchini kuanzia mwaka wa 2000.

Urefu wa antena hufuata urefu wa wimbi. Wimbi la megahezi 900, ambalo simu nyingi hulitumia, lina urefu wa sentimita 33 hivi. Nusu yake ni kama sentimita 17, na robo yake ni sentimita 8. Ndiyo sababu simu za zamani zilikuwa na kijiti cha kuvuta juu, na ndiyo sababu wahandisi wameweza kukikunja kijiti hicho na kukificha ndani ya simu za leo. Ni hesabu za aina hii ambazo wanafunzi wa uhandisi wa umeme na mawasiliano hujifunza, wakiwemo wale wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro hapa kwetu.

Wengi hawajui pia kwamba si kila antena hutoa mawimbi. Ile ya televisheni iliyo juu ya paa lako, yenye vijiti kama mgongo wa samaki, na lile sahani la setilaiti ukutani, hupokea tu. Hazikutumii chochote mwilini. Na ile taa nyekundu juu ya mnara, inayowatia wengi hofu usiku, ni ya kuwaonya marubani wa ndege wasiugonge.

Mnara ni kama tochi

Antena za mnara wa simu ni zile paneli ndefu nyembamba zilizofungwa kileleni. Watu hudhani zinamwaga mawimbi chini kama mvua, na kwamba anayeishi mguuni pa mnara ndiye hulowa zaidi. La hasha. Paneli hutengenezwa makusudi ielekeze mawimbi mbele, yakiinama kidogo tu, kama tochi uliyoielekeza mwisho wa barabara. Ukisimama chini ya mkono wa mwenye tochi, huoni mwanga mwingi.

Mawimbi hayo nayo hufifia upesi. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu hupungua mara nne. Umbali ukiongezeka mara kumi, nguvu hupungua mara mia moja.

Tufanye hesabu kidogo, kwani hesabu ndiyo dawa ya hofu. Chukua mnara ambao mitambo yake inapeleka wati 100 kwenye paneli za upande mmoja, na paneli zinaikusanya nguvu hiyo kuelekea mbele mara 50. Ukiwa mita 100 kutoka hapo, tena katikati kabisa ya mkondo wa mawimbi, kila mita moja ya mraba itapata kama wati 0.04. Ukiwa mita 200, wati 0.01.

Je, hizo ni nyingi? Kipimo kinachofuatwa na nchi nyingi ni cha Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi Isiyovunja Atomu, ijulikanayo kama ICNIRP, kilichotolewa mwaka wa 1998 na kufanyiwa marekebisho mwaka wa 2020. Kwa raia wa kawaida na kwa masafa ya megahezi 900, kikomo ni wati 4.5 kwa kila mita ya mraba. Maana yake, katika mfano wetu, mtu aliye mita 100 kutoka mnarani amepata takriban sehemu moja kwa mia ya kikomo. Hata kampuni tatu zikitumia mnara huo kwa nguvu sawa, bado hajafika sehemu moja kwa thelathini.

Kikomo chenyewe hakikuwekwa ukingoni mwa hatari. Wanasayansi waliona kwamba mwili mzima ukifyonza wati 4 kwa kila kilo moja, kwa nusu saa, joto lake laweza kupanda kwa digrii moja hivi. Wakaligawa hilo kwa kumi kwa ajili ya wafanyakazi, na kwa hamsini kwa ajili ya raia, wakiwafikiria watoto, wazee na wagonjwa. Kwa raia ikawa wati 0.08 kwa kilo. Ulinganishe na mwili wako mwenyewe: ukiwa umekaa tu kivulini unasoma gazeti, mwili wako hutengeneza joto la kama wati moja kwa kila kilo. Kikomo cha raia hakifiki hata sehemu ya kumi ya joto hilo.

Antena iliyo karibu zaidi

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sisemi kwamba simu inakula. Ila kama kuna antena inayoufikishia mwili wako mawimbi kuliko zote, ni ile iliyo mfukoni mwako au sikioni, wala si ile ya mnarani. Ina nguvu ndogo, lakini haina umbali.

Simu za kizazi cha pili zingeweza kutoa hadi wati 2 kwa mapigo mafupi, ambayo ni kama robo ya wati kwa wastani. Za kizazi cha tatu na cha nne hutoa kidogo zaidi. Lakini simu zote zina tabia moja ambayo ni muhimu kuijua: hupaza sauti au kunong'ona kulingana na umbali wa mnara. Mnara ukiwa karibu, simu hunong'ona, na nguvu yake yaweza kushuka hadi sehemu chache za elfu za wati. Mnara ukiwa mbali, au ukiwa umezibwa na miti mikubwa kama ya msitu wa Kakamega, simu hupiga kelele kwa nguvu zake zote ili isikike.

Umeona kinaya chake? Kijiji kinachofaulu kuufukuza mnara hadi ng'ambo ya kilima huenda kikajikuta kichwani kinapata mawimbi mengi zaidi kuliko awali, kwani kila simu itakuwa ikipiga kelele sikioni pa mwenyewe.

Antena hupimwa vipi?

Antena haitolewi kiwandani na kufungwa hivi hivi. Hupelekwa katika chumba ambacho kuta, dari na sakafu zimefunikwa kwa sponji nyeusi zilizochongoka kama mapiramidi, ambazo humeza mawimbi yote yasirudi kama mwangwi. Humo antena huzungushwa polepole huku chombo kingine kikiandika inatoa mawimbi kiasi gani kila upande. Kabla ya hapo hupimwa ni umeme kiasi gani unaoingia kwenye antena na kiasi gani kinachorudishwa nyuma bure.

Kwa simu kuna kipimo cha ziada, na hiki kinatuhusu sisi madaktari. Wataalamu hutengeneza kichwa cha plastiki chenye umbo la kichwa cha mtu, kisha hukijaza uowevu maalumu unaofyonza mawimbi kama ubongo unavyofyonza. Simu huwekwa shavuni pa kichwa hicho ikiwa imelazimishwa kutoa nguvu yake ya juu kabisa. Kidude chembamba huingizwa ndani ya uowevu na kupima, hatua kwa hatua, ni kiasi gani kimefyonzwa na wapi. Kwa mujibu wa ICNIRP, kichwani haifai kuzidi wati 2 kwa kilo, ukichukua wastani wa gramu 10 za nyama. Marekani hutumia wati 1.6, kwa wastani wa gramu moja.

Kiwango cha simu yako huandikwa kwenye kijitabu kinachokuja nayo. Katika simu nyingi unaweza pia kukiona kwa kubonyeza *#07#. Simu ghushi ndiyo isiyojulikana imepimwa wapi wala na nani. Simu ghushi zilipozimwa nchini mwishoni mwa Septemba 2012, wengi walilalamikia hasara ya mfuko. Walisahau kwamba simu isiyopimwa ni kama dawa isiyo na lebo.

Antena zisizo na betri

Kuna antena nyingine ndogo zaidi ambazo huenda unazibeba bila kujua. Pasipoti mpya za Kenya, zilizoanza kutolewa mwaka wa 2017, zina chipu yenye antena iliyozungushwa kama uzi. Kadi za benki zinazolipia kwa kugusishwa zina antena ya namna hiyo. Mbwa wa wenye uwezo hutiwa chini ya ngozi kidude cha ukubwa wa punje ya mchele chenye namba yake. Mwaka wa 2013 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilipokea chipu 1,000 za kutia katika pembe za vifaru, ili pembe iliyoibwa iweze kutambulika ilikotoka.

Je, hivi navyo vinadhuru? Vidude hivi havina betri. Vimelala kimya. Huamka pale tu vinapokaribishwa kwenye mashine ya kusoma, ambayo huvikopesha nguvu kidogo ya kutaja namba yake, kisha hulala tena. Pasipoti iliyo sandukuni haitoi chochote. Kadi iliyo mfukoni haimhesabii mtu hatua, wala haiungui paja.

Pahala pa kuwa mwangalifu ni pamoja tu. Mgonjwa aliyewekewa kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo, ambacho wengi hukiita betri ya moyo, asiegemee wala kusimama kwa muda kwenye vile vizingiti vya kunasa wezi mlangoni mwa maduka makubwa. Apite kwa mwendo wa kawaida, aende zake. Na simu yake asiiweke mfuko wa shati juu ya kifaa hicho. Aiweke angalau sentimita 15 mbali nacho, na aongee kwa sikio la upande wa pili.

Na saratani je?

Hapa ndipo hofu kubwa ilipo, na nitakueleza pande zote mbili.

Mwezi wa Mei 2011 idara ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, IARC, iliyaweka mawimbi ya redio katika kundi liitwalo 2B, yaani vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani lakini ushahidi wake ni haba. Magazeti ya dunia nzima yalipiga mbiu. Wachache waliongeza kwamba kundi hilo hilo lina achari za mboga za kule Asia, na kwamba baadaye liliongezewa maji ya jani zima la alovera, ambayo watu hapa kwetu huyanywa kwa hiari yao asubuhi wakiyaita dawa.

Utafiti wa nchi 13 uliotolewa mwaka wa 2010 haukuona ongezeko la uvimbe wa ubongo kwa watumiaji wa simu kwa jumla, ingawa miongoni mwa walioongea sana kupita wenzao palikuwa na dalili ambayo watafiti wenyewe walisema huenda ilitokana na watu kukumbuka vibaya. Mwaka wa 2018 watafiti wa serikali ya Marekani waliripoti uvimbe wa moyo kwa panya dume waliomwagiwa mawimbi mwili mzima kwa jumla ya saa 9 kwa siku, kwa miaka miwili. Ajabu ni kwamba panya hao waliishi zaidi kuliko wenzao ambao hawakumwagiwa.

Kwa upande wa pili, wanawake zaidi ya 770,000 waliofuatiliwa Uingereza, na matokeo kutolewa mwaka wa 2022, hawakuonyesha tofauti ya uvimbe wa ubongo kati ya wanaotumia simu na wasiotumia. Mwaka wa 2024 uchunguzi ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani ulikusanya tafiti 63 za tangu mwaka wa 1994 na kufikia uamuzi kwamba hakuna uhusiano ulioonekana kati ya simu za mkononi na saratani ya ubongo, hata kwa waliozitumia miaka kumi na zaidi.

Ikiwa simu iliyogandamana na kichwa haijaonyesha hivyo, mnara ulio mita 100 mbali, ambao hukufikishia mawimbi kidogo zaidi mara nyingi, utawezaje?

Maumivu ni ya kweli

Nikisema hivyo, mgonjwa huinuka kitini. "Kwa hivyo daktari, wasema ninajifanya?"

Hapana. Maumivu ni ya kweli. Ninachohoji ni chanzo chake. Mwaka wa 2005 wataalamu wa London walikusanya majaribio 31 yaliyowahusisha watu 725 waliosema mawimbi huwaumiza. Waliwekwa karibu na mitambo bila kuambiwa kama imewashwa au imezimwa. Kwa jumla hawakuweza kutofautisha. Wengine waliumwa kichwa kweli kweli, na mtambo ulikuwa umezimwa. Hofu peke yake ina uwezo wa kukaza misuli ya shingo, kupandisha mapigo ya moyo na kufukuza usingizi.

Mnara unapolaumiwa, mwenye kosa hupata nafasi ya kutoroka, na hapo ndipo ninapohofia uhai wa watu. Nakumbuka mama mmoja mjamzito, mimba ya miezi minane, aliyekaa na maumivu ya kichwa siku nne. Jamaa walikuwa wamekata shauri kwamba ni mnara mpya uliowashwa nyuma ya boma, na mipango ya kumhamishia kwa shangazi yake kijijini ilikuwa tayari. Ni muuguzi wa kliniki ya wajawazito aliyemfunga mkanda wa mashine mkononi. Shinikizo lilikuwa 170 kwa 110, uso umevimba, na macho yanaona vimulimuli. Huo ulikuwa mlango wa kifafa cha mimba, ugonjwa unaoua mama na mtoto. Alipelekwa hospitalini siku hiyo hiyo, akajifungua salama. Huko kijijini kwa shangazi hakukuwa na mnara, lakini hakukuwa na mashine ya kupima shinikizo pia.

Maumivu mengine ya kichwa niyaonayo hapa yana vyanzo vya kawaida zaidi. Malaria bado ipo nasi. Macho yanayohitaji miwani. Upungufu wa damu. Kukosa usingizi. Mawazo ya karo na kodi. Na kimoja ambacho wengi hawakishuku: dawa zenyewe za maumivu. Anayemeza dawa za dukani siku 15 au zaidi kila mwezi huweza kujiletea maumivu ya kila siku, na kila akiumwa humeza tena.

Hatari za kweli za mnara

Sitaki uelewe kwamba mnara hauna hatari yoyote. Unazo, ila si zile zinazosemwa.

Ya kwanza ni kwa mafundi. Mita chache mbele ya paneli iliyowashwa, mawimbi yaweza kuvuka kikomo. Fundi anayepanda ahakikishe paneli anayoifanyia kazi imezimwa, kwani macho na korodani hazina damu ya kutosha ya kuondoa joto upesi. Na kuanguka kumeua mafundi, jambo ambalo wimbi la simu halijathibitishwa kumfanyia jirani yeyote.

Ya pili ni jenereta. Palipo na jenereta ya dizeli, moshi na mngurumo wake usiku ni madhara yanayopimika, hasa kwa mwenye pumu na kwa mtoto mchanga.

Ya tatu ni radi. Magharibi ya Kenya ni miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi nchini. Mnara huwa na kishika radi na waya wa kuipeleka ardhini. Anga linaponguruma, usisimame wala kujikinga mvua penye mnara, uzio wake au mti mrefu. Ingia ndani ya nyumba, chomoa waya wa antena ya televisheni kabla dhoruba haijafika, na usiongee na simu iliyochomekwa kwenye chaji.

Ya nne ni watoto wanaopenda kuparamia. Uzio uwe mzima na lango liwe na kufuli.

Una haki ya kuuliza

Mnara haujengwi kimyakimya kihalali. Chini ya sheria ya mazingira ya mwaka wa 1999, mradi kama huo hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, na majirani huhitajika kuulizwa maoni. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ndiyo hutoa leseni hiyo. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya nayo husimamia mitambo na masafa.

Kwa hivyo mkutano ukiitishwa na chifu kuhusu mnara, usiende kupiga kelele tu, wala usikae nyumbani. Nenda na maswali. Paneli zinaelekea wapi, na ziko mita ngapi kutoka dirisha la ghorofa iliyo karibu? Mawimbi yatapimwa na nani baada ya mtambo kuwashwa, na matokeo tutayaona wapi? Jenereta itakaa upande gani? Nani atatunza uzio? Anayejibu kwa namba anastahili kusikilizwa. Anayejibu kwa hasira, awe wa kampuni au wa kijiji, aulizwe tena.

Mwaka wa 2020 kule Uingereza minara ilichomwa moto kwa uvumi kwamba ilikuwa ikieneza korona. Virusi havisafiri juu ya mawimbi ya redio. Lakini simu ya kuita ambulensi husafiri juu yake, na palipochomwa mnara, mgonjwa wa kweli huenda aliita asisikike.

Ushauri wa daktari

Ikiwa bado una wasiwasi, hizi ni hatua nyepesi zisizo na gharama:

1. Ongea kwa waya wa masikioni au kwa spika. Sentimita chache tu za umbali hupunguza sana kinachofika kichwani.

2. Mtandao ukiwa hafifu, andika ujumbe badala ya kuongea kirefu.

3. Mtoto mdogo hahitaji simu ya kuongea kwa saa nzima. Akicheza nayo, izime mtandao.

4. Usiku, iweke simu mbali na mto. Mwanga wake na jumbe zake huharibu usingizi, na kukosa usingizi huleta maumivu ya kichwa.

5. Usiongee na simu ukiendesha gari au bodaboda. Barabara ya kutoka Kakamega kwenda Webuye haimsamehi aliyetazama chini. Hii ndiyo hatari ya simu iliyothibitishwa kupita zote.

6. Nunua simu yenye idhini, si ghushi.

Na kichwa kikikuuma mara kwa mara, kabla hujautazama mnara, nenda kapimwe shinikizo la damu, malaria, wingi wa damu na macho. Nenda upesi zaidi, usiku au mchana, ikiwa maumivu yamekuja ghafla kwa nguvu usizowahi kuziona, ikiwa yana homa na shingo imekaza, ikiwa upande mmoja wa mwili umelegea, ikiwa uligongwa kichwa, au ikiwa una mimba iliyovuka miezi mitano.

Mashine ya shinikizo ipo katika zahanati nyingi. Kupimwa huchukua dakika mbili, na mnara utaukuta pale pale ukirudi.